Nani Ataziba Bati?

(Maneno ya mwanachama mmoja, mfanyakazi wa reli, katika mkutano wa tawi, Chepkoilel, Eldoret.)



Mimi si msemaji hodari. Nilimaliza shule ya msingi ya misheni, kisha nikashika nyundo. Leo nina neno moja tu: nyumba tunazopanga, na nani azitengeneze.

Baba yangu naye alikuwa mtu wa reli. Tulikaa landhi. Bati likivuja, baba alikwenda kwa msimamizi asubuhi, jina likaandikwa kitabuni, na fundi akaja na ngazi. Akikawia, baba alijua mlango wa kubisha. Sisemi nyumba zile zilikuwa nzuri: chumba kimoja, choo cha watu wengi. Nasema palikuwa na mtu wa kuulizwa.

Sasa nakaa nyumba ya kupanga ya shirika. Mwaka jana, mwezi wa nne, bomba la maji machafu lilipasuka nyuma ya jiko. Nilikwenda kwa karani. Akasema, "Kazi hiyo tumempa kontrakta." Nikampigia kontrakta. Akasema, "Mabomba nimempa mwenzangu." Mwenzake akasema hajalipwa. Wiki sita watoto wakaruka maji machafu. Kisha akaja kijana mmoja wa kibarua, hana hata spana, akapaka ukuta rangi, akaenda zake. Baadaye karani alinionyesha karatasi: kazi imekwisha, fedha zimelipwa. Bomba lingali linavuja.

Ndugu zangu, msimkasirikie kijana yule. Ni mfanyakazi kama sisi, tena wa kulipwa kwa siku. Kosa ni la mpango. Fedha zikipita mikono mitatu, kila mkono hubaki na chake, na mwisho hakuna za kununua bomba.

Jambo hili si la Eldoret peke yake. Huko Uingereza, mji wa Rochdale, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alikufa Desemba 2020 kwa sababu ya kuvu lililoota katika nyumba ya kupanga ya shirika. Baba yake alikuwa akilalamika tangu 2017. Wazazi hawakunyamaza, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria iliyopewa jina la mtoto huyo. Tangu Oktoba 2025, mwenye nyumba za namna hiyo lazima ashughulikie hatari ya dharura kwa saa 24. Kusema "Mwulize kontrakta" hakumwokoi.

Sisi nasi tuna msingi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa karibu na kazi, au fedha za kodi, isipokuwa kama kodi imekwisha kuingizwa katika mshahara. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yataja haki ya nyumba ya kufaa na usafi. Na kwa sheria ya Machi 2024 tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Zinajengwa kwa jasho letu. Basi tuulize mapema: zikianza kuvuja, nani ataziba bati?

Naomba tawi lidai mambo haya:

1. Kila lalamiko la mpangaji liandikwe, naye apewe karatasi yenye tarehe.

2. Mwenye nyumba ndiye ajibu, hata akiwa amempa mwingine kazi, na idadi ya siku za kutengeneza itajwe.

3. Kontrakta asilipwe mpaka mpangaji atie sahihi kwamba kazi imekwisha.

4. Mafundi waajiriwe kwa kudumu, wapewe vyombo, waruhusiwe kuingia chama.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Karatasi iko mezani kwa katibu. Kabla ya kuondoka, kila mmoja aandike kitu kilichoharibika nyumbani mwake, na siku aliyopeleka habari.