Kirusi cha nguruwe, mateso ya panya

Ugonjwa wa Aujeszky umepewa jina la Aladár Aujeszky, mtaalamu wa Hungaria aliyeueleza mwaka 1902. Kirusi chake kina makao kwa nguruwe. Vitoto vya nguruwe hufa, lakini nguruwe mzima mara nyingi hupona na kubaki nacho kimejificha ndani ya neva.

Panya wa maabara hana usalama huo. Akidungwa kirusi kwenye wayo, kinaingia katika ncha za neva na kupanda hadi karibu na uti wa mgongo. Panya anaanza kujilamba mguu, kisha anajitafuna kwa muwasho, na baada ya siku chache anakufa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walipolinganisha aina kali ya kirusi hiki na aina iliyodhoofishwa iitwayo Bartha, waligundua jambo zito. Panya waliopewa aina kali walikufa upesi, ilhali ubongo wao ulikuwa na virusi vichache. Wale waliopewa Bartha waliishi muda mrefu zaidi, ingawa kirusi kilienea ubongoni. Inaonekana mwitikio mkali wa kinga ya mwili wenyewe ndio unaochangia sana kifo.

Kwa hiyo, kupima wingi wa virusi peke yake hakutoshi. Lazima tutazame pia mwili unavyojibu. Jambo hili linawahusu wafugaji pia, kwa kuwa Bartha hiyohiyo ni chanjo iliyokinga nguruwe wengi. Lakini panya hawa wa maabara wanateseka kweli, na deni letu kwao ni kutumia wachache iwezekanavyo na kuhakikisha tulichojifunza kinawafikia wafugaji na waganga.