Nyumba Kwanza



Yatupasa tulizingatie swali moja kuhusu mtu asiye na makazi: apewe nyumba baada ya kujirekebisha, au apewe nyumba ili aweze kujirekebisha? Kwa miaka mingi serikali zilishika njia ya kwanza. Mlevi aliambiwa aache pombe kwanza, na asiye na kazi aliambiwa atafute kazi kwanza. Lakini mtu alalaye leo hapa na kesho pale, dawa zake atazitunza wapi, na mwajiri atampata wapi?

Mwaka 2008, serikali ya Ufini, kaskazini mwa Ulaya, iliibadili njia hiyo. Fedha za serikali na za miji zikatumika kuyageuza mabweni ya muda kuwa nyumba ndogo za kupanga. Mpangaji hupewa mkataba na ufunguo wake, hulipa kodi kwa kusaidiwa ruzuku ya pango, na wahudumu huwa karibu naye. Mwaka 1987 wasio na makazi nchini humo walizidi 15,000. Mwishoni mwa 2023 walikuwa 3,429.

Lakini angalieni, ndugu zangu. Mwaka 2024 ruzuku ya pango ilipunguzwa, na mwaka huo huo idadi ikapanda hadi 3,806, baada ya kushuka kwa zaidi ya miaka kumi. Kumwingiza mtu nyumbani ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwezesha abaki humo. Basi serikali yoyote ijivuniapo nyumba ilizojenga, na iulizwe: mwakani kodi ya mpangaji maskini italipwa na nani?