Mzee Asiyesalimia



Tumeombwa tuseme juu ya wazee wetu, na afadhali tuanze na kosa letu wenyewe. Katika kikundi chetu cha viazi, upande wa Molo, yuko mzee mmoja asiyesalimia. Ukimpa mkono, anautazama tu. Koti ni lile lile, kiti ni kile kile, na vipaza sauti vya harambee vikianza yeye huziba masikio akaenda zake. Lakini mwulize ng'ombe fulani alizaa lini: atakutajia mwaka, mwezi na siku. (Siyo wote wenye hali hii wana kumbukumbu namna hiyo.) Sisi tulisema ana madharau. Tukamtoza faini, tena mara mbili.

Halafu dada yake akafa, yule aliyempikia na kumsemea miaka yote. Matanga yalipoisha, watu wa ukoo wakamhamisha bila kumwambia mapema, nyumba ikafungwa. Mzee akaacha kula. Akawa anatembea barabarani akirudia neno moja. Wengine wakasema karogwa, wengine wakasema ni uzee tu.

Tulipomfikisha zahanati, muuguzi aliuliza jambo ambalo sisi hatukulifikiria: "Alikuwaje alipokuwa mtoto?" Basi mzee wa rika lake akajibu kwamba hata walipochunga mbuzi alikuwa hivyo hivyo, peke yake, akipanga mawe kwa mistari, hataki kuguswa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Ugonjwa wa kusahau humjia mtu ukubwani na kumbadilisha; jana alijua njia, leo anapotea. Usonji mtu huzaliwa nao. Hauletwi na laana wala malezi mabaya, na hauondoki mtu akiota mvi. Tunadhani ni jambo la watoto kwa sababu wazee hawa walipokuwa wadogo, nani huku kwetu aliujua? Donald Triplett wa Marekani, mtoto wa kwanza katika maandishi ya daktari Leo Kanner ya mwaka 1943, alikua akafanya kazi benki, akaendesha gari, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Watu wa mji wake walikuwa wamemzoea.

Hakuna kipimo cha damu. Daktari mwenye ujuzi huo humtazama mtu na kuuliza habari za utotoni, kwa hiyo mzee aende na mtu aliyemjua zamani. Na akibadilika ghafula, msiseme ni usonji tu. Huenda ana homa, au jino linamwuma, naye hasemi. Hospitali ikithibitisha ulemavu, aweza kuandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Sisi tulimrudisha nyumbani kwake. Mpwa wake anapika, sahani ile ile, saa ile ile. Siku ya mkutano ikibadilika tunampelekea habari mapema, kwa maneno machache. Hatumwambii "njoo baadaye kidogo," tunasema "njoo saa nane." Vipaza sauti tunaviweka mbali, na mkono hatumdai. Watu wa ukoo bado wanalitazama lile shamba, na jambo hilo tumelipeleka kwa chifu, halijaisha.

Zile faini tulimrudishia. Akazihesabu mara mbili, akasema zimepungua shilingi ishirini. Tukafungua kitabu cha mweka hazina. Kumbe ni kweli.