Kiuno Kinapolipa Deni la Nyonga



Naanza na mchezaji ambaye kila mwalimu wa gofu hapa amewahi kumfundisha. Akishusha fimbo, makalio yanausogelea mpira na mgongo unanyooka mapema. Mpira mara unakimbilia kulia, mara unapinda kushoto. Mwalimu anamwambia, "Inama, usiinuke." Wiki ijayo anaambiwa hivyo hivyo, na analipa tena. Mimi nasema huenda si mkaidi. Mwili wake hauna nafasi ya kutii.

Pingili tano za kiunoni hazikuumbwa kwa kuzunguka: zote kwa pamoja hazifiki digrii 15 kwa kila upande. Mzunguko wa pigo hutoka kwenye mgongo wa juu, penye mbavu, na kwenye nyonga. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, uzito ukihamia mguu wa kushoto, nyonga ya kushoto lazima izunguke kwa ndani. Ikiwa imekaza, kiuno ndicho jirani wa kubebeshwa mzigo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, kwa wachezaji 42 wa kulipwa, ulikuta waliowahi kuumwa kiuno ndio wenye nyonga ya mbele, yaani ya upande wa shabaha, iliyopungukiwa mzunguko huo.

Vipimo vya kujua hayo havidai mashine. Greg Rose na Dave Phillips, walioanzisha Titleist Performance Institute mwaka 2003, wamevieneza kwa walimu wa gofu wa nchi nyingi. Mketishe mchezaji, magoti pamoja, fimbo mabegani, ageuke: digrii 45 kila upande zinatosha. Kisha achuchumae, mikono juu, visigino chini. (Hapa bosi wa ofisini huanguka, na mbeba mifuko wake hucheka.) Visigino vikiinuka, weka ubao chini yake; akishuka vizuri sasa, tafuta kasoro kwenye vifundo vya miguu.

Nyonga nawaomba muipime kwa utulivu. Aketi juu ya meza, goti limekunjwa, wayo usukumwe nje. Wayo ukienda nje, paja linazunguka ndani. Wengi hukosea kuandika hapo. Linganisha kushoto na kulia.

Akisikia maumivu, acha. Katika mfumo wa kupima mijongeo wa Gray Cook na Lee Burton, wenye alama 0 hadi 3, maumivu hupewa 0 hata kama tendo limefanyika vizuri, na mtu huyo anapelekwa kwa mtabibu. Wala tusijifanye watabiri: alama ndogo haimaanishi kuwa fulani ataumia.

Mwenye nyonga ngumu si lazima asubiri miezi ya mazoezi ndipo acheze. Aelekeze kidole gumba cha mguu wa kushoto kidogo upande wa shabaha anaposimama. Nyonga itapata nafasi, na mara nyingi yale makalio yatatulia.

Sasa naomba viti visogezwe ukutani. Fimbo ninayo; nahitaji mtu mmoja mwenye suruali isiyobana.