MTOTO ALIYEUMIA UBONGO NA KAZI YA MZAZI WAKE

(Maneno yaliyosemwa na kamati mbele ya mkutano wa tawi. Yanapigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu.)



Mlitutuma watu wanne tukatazame jambo moja, na leo tumerudi na habari. Jambo lenyewe lilianza na barua ya kuachishwa kazi. Mama mmoja, mwanachama wetu anayekaa Kawangware, alikosa kazini siku tano katika miezi mitatu, na kila mara ilikuwa Alhamisi. Msimamizi wake akaona ni uvivu, au labda ana biashara yake ya kando. Mama hakujitetea. Barua ilipotoka ndipo alipomwambia mwakilishi wetu kwamba Alhamisi ndiyo siku ya kliniki ya mwanawe aliyeumia ubongo, na kwamba miaka miwili yote alikuwa akiona haya kumtaja mtoto huyo kazini. Tulikwenda kusema na tajiri, na barua ikarudishwa. Lakini kamati ikauliza, je, wako wangapi wengine walionyamaza?

Basi tukazunguka Jumapili sita, Kawangware na Kibera, tukiingia katika nyumba za wanachama waliokubali kutupokea. Majina hatutayataja, wala hatutasema mlango wa mtu uko wapi. Tutasema tu kwamba tulidhani tutapata mmoja au wawili, na haikuwa hivyo.

Kwanza tueleze ugonjwa, maana sisi wenyewe tulikwenda bila kuujua. Ubongo wa mtoto huumia kwa njia nyingi. Yuko anayezaliwa baada ya uchungu mrefu, hakulia, akakosa hewa kwa dakika chache tu. Yuko aliyepata umanjano mkali katika siku za kwanza asitibiwe upesi. Yuko aliyeugua homa ya uti wa mgongo, na yuko aliyegongwa au kuanguka. Malaria inayopanda kichwani nayo imo. Mtasema Nairobi hakuna malaria nyingi, na ni kweli, lakini Desemba tunawapeleka watoto nyumbani, Busia na Siaya na Kakamega, na Januari wakirudi wana homa tunawanunulia dawa ya mafua. Watafiti wa Kilifi, ambao kituo chao kilianzishwa mwaka 1989, walipowafuatia watoto waliopona malaria kali waliona kwamba karibu mmoja katika kila wanne alibaki na kasoro, ama ya viungo, ama ya kusema, ama ya kukumbuka.

Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki. Hilo madaktari husema wazi, na ni vizuri tulijue, ili tusiwape fedha zetu watu wanaouza maji na mafuta ya kufufua. Lakini ubongo wa mtoto bado unajengwa, na sehemu iliyo nzima inaweza kufundishwa kazi ya ile iliyokufa, kama mfanya kazi anavyofundishwa mashine ya mwenzake aliyetoka. Hafundishwi kwa siku moja. Hufundishwa kwa kurudia jambo lile lile mara nyingi sana, kushika kijiko, kukiachia, kukishika tena. Kwa hiyo mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayemwona mtoto nusu saa kwa juma hawezi kazi hii peke yake. Ile nusu saa ni ya kumfundisha mzazi. Kazi yenyewe hufanyika nyumbani, kila siku, na hapo ndipo shida yetu inapoingia, maana nyumbani kwa mfanya kazi mchana hakuna mtu.

Sasa tuwapeleke Gatwekera, Kibera. Baba wa nyumba ile ni askari wa usiku, na mkewe hufua nguo katika nyumba za watu. Binti yao ana miaka minne. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miezi minane. Baba hurudi saa moja asubuhi, na saa hiyo hiyo mke anatoka. Hukutana mlangoni wakapokezana mtoto kama tunavyopokezana zamu kiwandani. Baba amekesha, anataka kulala. Mtoto anataka kulishwa, na kumlisha ni saa nzima. Kwa hiyo mtoto alikuwa akilazwa chali mpaka saa nane mchana, akitazama mabati, na miguu yake ikaanza kukaza na kupishana kama mkasi. Msidhani tuliona nyumba ya watu wabaya. Tuliona nyumba ya watu waliochoka. Tena zile nyumba za kulelea watoto wakati mama yuko kazini, ambazo ziko kila kichochoro, zote walizokwenda ziliwakatalia. Mmoja wa walezi alisema watoto wengine wataambukizwa. Ubongo ulioumia hauambukizi, ndugu zetu, lakini neno hili tulilisikia mara nyingi mno, hata kwa watu waliosoma.

Siku tuliyofika alikuwapo mama mmoja mtaalamu, ambaye kazi yake ni kuwafundisha watoto kula, kuvaa na kukaa. Alikuja na mhudumu wa afya wa mtaa ule. Akatuonyesha kulisha. Mtoto asilishwe amelala, wala kichwa chake kisirudi nyuma, kwani chakula huingia katika njia ya hewa na kuleta nimonia, na nimonia ndiyo inayowaua wengi wa watoto hawa. Akae wima, kidevu kimeelekea chini kidogo, chakula kiwe laini na kizito kiasi, kijiko kiwe kidogo, na anayelisha akae mbele yake macho kwa macho. Katibu wetu akasema atajaribu. Nusu ya uji ulikwenda juu ya suruali yake ya Jumapili. Mtoto akacheka sana, na baba yake akatuambia kwamba hakuwa amemsikia akicheka tangu Ijumaa.

Tukaonyeshwa na kumbeba. Tulizoea kuona mtoto wa namna hii amefungwa mgongoni miguu pamoja, kama mzigo, na kumbe hivyo miguu huzidi kukaza. Afadhali aketishwe kiunoni, mguu huku na mguu huku, mgongo umeshikwa, apate kuwaona watu na barabara. Na kila wakati abadilishwe: mara ubavu, mara tumbo juu ya mto, mara kiti.

Juu ya kiti tuna habari njema. Wengi hudhani ni lazima kinunuliwe dukani kwa fedha nyingi. Tulionyeshwa kiti kilichotengenezwa kwa maboksi na karatasi, tabaka juu ya tabaka, kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa, kikaanikwa juani siku kadhaa, kikapakwa rangi. Ufundi huu ulianzia Zimbabwe na umeenea katika nchi nyingi za Afrika. Mmoja wetu, ambaye si mwembamba, alikikalia, na hakikuvunjika. Kina mbao mbele ya kuwekea kijiko na vitu vya kuchezea, na pembe za nyuma zinamshika mtoto asianguke upande. Yule baba wa Gatwekera sasa humweka binti yake katika kiti kama hicho saa mbili asubuhi, akamlisha, akampa makopo ya kugonga, kisha yeye akalala chini karibu naye. Kwa kelele zile sijui kama kweli analala, alisema mmoja wetu. Lakini miguu ya mtoto imeanza kulegea.

Yule mtoto wa mama wa Alhamisi ni habari nyingine. Yeye anatembea. Alikuwa na miaka saba alipogongwa na pikipiki katika barabara ya Naivasha, akitoka shule, na akalala hospitali bila fahamu siku nyingi. Ukimwona leo utasema amepona. Lakini anasahau alichotumwa kabla ya kufika dukani. Hukasirika ghafula akatupa vitu. Kelele humchosha, na darasa lina watoto wengi sana. Mwalimu alidhani ni utundu, akamchapa. Jirani akasema ni mapepo. Mama mwenyewe alikuwa akimchapa, alituambia huku akilia, mpaka pale kliniki walipomweleza kwamba sehemu ya ubongo inayozuia hasira ndiyo iliyoumia. Mtoto wa namna hii hupewa neno moja kwa wakati mmoja, si matatu. Kazi yake ya shule hugawanywa vipande vidogo na mapumziko katikati, na mambo ya siku huandikwa au huchorwa ukutani kwa mpango usiobadilika. Si dawa ya ajabu, lakini inataka mtu mwenye muda na subira, na mama huyu hufika nyumbani saa moja usiku.

Mambo mawili tunayataja upesi kwa sababu yanaokoa maisha. Mtoto akipigwa kichwa, kisha akatapika mara kwa mara, au akasinzia asiamke vizuri, au akapata kifafa, au maji au damu ikatoka sikioni, msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali saa ile ile. Na mtoto akishikwa na kifafa, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumwumiza, wala msitie kijiko wala kidole kinywani. Akipita dakika tano kinaendelea, hospitali. Dawa ya kifafa isikatishwe ghafula kwa sababu fedha zimeisha. Njoni mwone mwakilishi kwanza.

Hospitali tunazo karibu, na hilo ni bahati. Hospitali Kuu ya Kenyatta, ambayo wazee wetu waliiita King George tangu mwaka 1952 mpaka baada ya uhuru, ilianza mwaka 1901 na vitanda 40, na leo ndiko wanakopasuliwa wengi walioumia kichwa. Mtu wa Kibera huweza kwenda huko kwa miguu, na Mbagathi pia. Mtoto ambaye kichwa chake kinakua kupita kiasi kwa maji hupasuliwa huko, au Kijabe, na ng'ambo ya mpaka iko hospitali ya Mbale, Uganda, iliyofunguliwa mwaka 2001 na kupata sifa kwa kazi hiyo. Chama cha kuwasaidia walemavu wa viungo, ambacho wengi hukijua kwa herufi zake APDK, kipo tangu mwaka 1958. Lakini karibu ni karibu kwa mwenye mkono mtupu. Mama wa Kawangware hupanda matatu mbili akiwa na mtoto wa miaka minane au tisa mgongoni. Makanga humtoza nauli ya watu wawili, au gari humpita. Wakati wa mvua kiti cha magurudumu hakipiti katika vichochoro vya Kibera hata kidogo.

Sasa tuje katika jambo la chama.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mfanya kazi likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na inampa siku za ugonjwa wake mwenyewe. Mtoto wake akiwa mgonjwa, haikumpa siku hata moja. Kwa hiyo mzazi hudanganya kwamba yeye ndiye mgonjwa, au huiba siku kama mama yetu, au huacha kliniki. Wengi huacha kliniki. Hatukuona tajiri aliyeandika kumbukumbu ya hasara hiyo.

Mmoja wetu katika kamati alipinga tusidai siku za kliniki. Alisema matajiri wakisikia hivyo hawatawaandika kazi wazazi wenye watoto kama hawa. Neno lake si la kupuuzwa, na tulibishana usiku kucha. Lakini maneno hayo hayo yalisemwa juu ya akina mama wajawazito. Chini ya sheria ya mwaka 1976 mama alipata miezi miwili ya uzazi na akapoteza likizo yake ya mwaka. Sheria ya mwaka 2007 ikampa miezi mitatu, na likizo yake haiguswi, na baba akapata majuma mawili. Akina mama bado wanaandikwa kazi.

Kwa hiyo tunaomba mkutano huu ukubali kwamba katika mapatano yajayo na matajiri tudai siku za kliniki zenye mshahara kwa mzazi mwenye kadi ya hospitali ya mtoto, na tudai pia kwamba mume na mke wanaofanya kazi mahali pamoja wapangiwe zamu mbalimbali wakiomba. Hili la pili halimgharimu tajiri hata senti.

Na yale ambayo ni haki yetu tayari, tuyachukue. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu liliundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mtoto akipimwa na kuandikishwa huko hupata kadi. Tangu mwaka 2011 serikali ina mpango wa kuzipa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Si wote wanaoingizwa, lakini asiyeandikishwa haingizwi kabisa. Tena sote tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima mpya ya afya tangu Oktoba 2024. Mwakilishi wenu atawasaidia kuuliza, kwa maandishi, ni mazoezi gani ya mtoto wenu yanalipwa.

Bwana Mwenyekiti, tumekwisha. Jumamosi ijayo saa nane mchana yule mama mtaalamu atakuja katika ofisi ya tawi kutufundisha kutengeneza viti vya karatasi. Wasio na mtoto wa namna hiyo waje pia, kazi ya kupaka gundi inataka mikono mingi. Leteni maboksi yanayotupwa kiwandani. Yale makubwa ya sabuni na ya biskuti ndiyo yafaayo, lakini yaliyolowa msilete.