Tiba ya Madhara ya Aspirini katika Utumbo Mwembamba: Mada kwa Semina ya Madaktari, Wauguzi na Wafamasia, Kigali

1. Utangulizi

Aspirini, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Bayer mwaka 1899, huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, yaani kemikali zinazochochea maumivu na homa lakini pia hulinda utando wa tumbo na utumbo. Utaratibu huo ulielezwa na John Vane mwaka 1971. Washiriki wanafahamu pia kwamba dozi ya miligramu 75 hadi 100 kwa siku huwapunguzia hatari wagonjwa waliokwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha kuziba mshipa. Kwa hiyo mada hii haikusudii kuipiga vita dawa yenyewe.

2. Tatizo lisilotazamwa

Mgonjwa mwenye upungufu wa damu hupimwa kwa endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, ambao kwa kawaida huishia kwenye duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na mita kadhaa zinazofuata hubaki gizani. Tumbo likionekana salama, huandikiwa omeprazoli na vidonge vya madini ya chuma, huendelea na aspirini, kisha hurudi na upungufu uleule.

Omeprazoli hupunguza asidi, hivyo hulinda tumbo na duodeni. Chini ya hapo jeraha huchangiwa na aspirini yenyewe, nyongo na bakteria, na omeprazoli haitoi kinga hiyo. Hata kidonge chenye ganda lisiloyeyuka tumboni hufungukia utumboni na kuhamishia madhara huko.

Tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani husafirisha damu kutoka Muhanga hadi hospitali za mbali, mafanikio ambayo Rwanda inastahili kujivunia. Lakini inasikitisha damu hiyo inapoongezwa kwa mgonjwa ambaye hakuna aliyemuuliza kuhusu aspirini, kwa kuwa itaendelea kuvuja palepale. Kapsuli yenye kamera, inayomezwa na kupiga picha utumbo wote, imetumika duniani tangu 2001, ila si kipimo cha hospitali ya wilaya. Kwa hiyo kuuliza ndiko kunakotangulia.

3. Mapendekezo

Bila kukiuka miongozo ya Wizara ya Afya, inapendekezwa kwamba:

(a) kila mwenye upungufu wa damu aulizwe kuhusu aspirini, ikiwemo aliyojinunulia mwenyewe;

(b) asiyewahi kuugua moyo wala kiharusi, na asiye na sababu nyingine ya kitabibu, aachishwe, kwa kuwa kuacha ndiyo tiba ya kwanza;

(c) mwenye stenti, yaani kijibomba kinachopanua mshipa wa moyo, asiachishwe kabla ya kushauriana na daktari wa moyo;

(d) diklofenaki na ibuprofeni zisiongezwe juu ya aspirini;

(e) bakteria wa Helicobacter pylori wapimwe na kutibiwa, ili vidonda vya tumbo visichanganywe na vya utumbo;

(f) misoprostoli, inayofidia prostaglandini na iliyoonyesha katika tafiti kuponya majeraha ya utumbo mwembamba, ifikiriwe chini ya usimamizi wa bingwa, wala isipewe mjamzito;

(g) omeprazoli isihesabiwe kuwa kinga ya utumbo wote;

(h) wafamasia nao waulize kabla ya kuuza, na

(i) damu na madini ya chuma visitolewe tena kwa mgonjwa yuleyule kabla swali la aspirini halijaulizwa na jibu lake kuandikwa kwenye faili.