Tuwaulize Wenye Kujua: Uhai wa Mama na Mtoto ni Amana

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini baada ya sala ya Ijumaa)



Sifa zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu waheshimiwa, katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu (s.w.t.) anatuamrisha tuichunguze habari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na katika Sura ya An-Nahl, aya ya 43, tunaelekezwa tuwaulize wenye kujua. Katika mambo ya ibada tunaushika sana msingi huu. Kila jambo twalitakia dalili: iko wapi aya, iko wapi hadithi, nani kaipokea? Lakini mtoto anapoharisha, au mke anaposhikwa na uchungu, hatuulizi tena dalili. Tunafuata neno la jirani.

Tuchukue mfano mmoja. Husemwa majumbani kwamba mtoto anayeharisha asipewe maji, kwani maji yatamzidishia. Maneno haya yamezika watoto wengi. Kinachomuua mtoto huyo, aghalabu, ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Anayemnyima maji anamharakishia mauti, ilhali anadhani anamtibu.

Wenye kujua walilichunguza jambo hili. Mwaka 1968, katika mji wa Dhaka, ambao wakati huo ulikuwa katika Pakistani ya Mashariki, watafiti waliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo maalumu. Waliokunywa walihitaji maji ya mshipani kidogo mno kuliko wengine, kwa sababu sukari huyasaidia matumbo kufyonza chumvi, na chumvi huvuta maji. Mwaka 1971 vita viliwakimbiza mamilioni ya watu hadi India, na kipindupindu kikaingia kambini. Maji ya mshipani yalipokwisha, Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko huo. Vifo, ambavyo vilikuwa vimefikia wagonjwa wapatao 30 katika kila 100, vilishuka hadi chini ya 4.

Ndugu zangu, dalili ilikuwa imepatikana. Je, watoto wa vijijini walipona mara moja? La. Elimu ilibaki hospitalini, na mama wa kijijini hakuwa na habari nayo.

Ndipo mwaka 1980, huko Bangladesh, nchi ya ndugu zetu Waislamu, shirika la BRAC lilipoanza kutuma wanawake nyumba kwa nyumba. Walimfundisha kila mama kuchanganya maji, chumvi na sukari guru kwa mkono wake mwenyewe. Na shirika halikuridhika na kusema kwamba limefundisha. Lilituma wakaguzi kuwauliza baadhi ya akina mama wanakumbuka nini, na mwalimu akalipwa kwa kadiri mama zake walivyokumbuka. Kufikia mwaka 1990 nyumba zaidi ya milioni 12 zilikuwa zimefikiwa.

Lakini lipo jambo katika habari hiyo linalotuhusu sisi tuliokaa hapa. Mwanzoni iligunduliwa kwamba akina mama walijua kutengeneza mchanganyiko, ila wachache tu waliutumia. Kwa nini? Walipochunguza wakaona kwamba baadhi ya walimu wenyewe hawakuuamini. Kadhalika, wanaume wa vijiji hawakuwa wameelezwa lolote. Basi wakaanza kuzungumza na wanaume sokoni na misikitini, na matumizi yakaongezeka. Kumbe kizuizi kilikuwa baba asiyejua.

Hivyo basi, sisi tunaohutubu na sisi tunaosikiliza tumo katika lawama hii. Ni Ijumaa ngapi tumepanda mimbari bila kuwataja mama mjamzito na mtoto mgonjwa?

Tutazame sasa upande wa mama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walifariki duniani kote kwa sababu za ujauzito na uzazi, na wengi wao ni wa bara letu la Afrika. Sababu kubwa ni kutokwa na damu. Mwaka huohuo wa 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Wakunga waliweka chini ya mama shuka la plastiki lenye vipimo ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Na damu ilipozidi, mama alipewa matibabu yote kwa pamoja bila kungoja. Madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60.

Lakini shuka hilo litamfaa nini mama aliyeachwa nyumbani kwa sababu mumewe yuko safarini na hakuna aliyethubutu kutoa idhini? Litamfaa nini aliyefungwa hirizi na kunyweshwa kombe usiku kucha huku damu ikimtoka?

Hatusemi dua iachwe. Mtume (s.a.w.) alituhimiza tujitibu, na alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ategemee kwa Mungu. Kumfikisha mama kwa mkunga ndiko kumfunga ngamia.

Kwa hiyo tunausiana mambo haya. Mtoto akiharisha, anyonyeshwe, alishwe, na apewe ORS: pakiti ya lita moja katika lita moja ya maji safi. Ikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita hiyohiyo. Apelekwe kituoni apate na vidonge vya zinki. Na akilegea, akishindwa kunywa au akiharisha damu, asicheleweshwe hata kidogo. Mume aweke nauli kabla ya mwezi wa kujifungua, na atoe idhini yake mapema mbele ya jamaa, ili asingojewe. Maimamu wawaalike wauguzi wazungumze na wanaume baada ya sala. Na kila mwezi tuulizane: ni nyumba ngapi zimefikiwa, na zinakumbuka nini?

Sura ya Al-Maida, aya ya 32, inatufundisha kwamba anayeokoa nafsi moja ni kama aliyeokoa watu wote. Siku ya Hesabu tutaulizwa juu ya elimu iliyotufikia, tuliitendea nini.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu, wake zetu na watoto wetu, na atujaalie tuwe wenye kusikia na kutenda. Amin.